Tanbihi haisomwi na aliyeshika spana

Tarehe 3 Agosti 1890, baharia mmoja Mpolandi alikuwa ndani ya stima ndogo iitwayo Roi des Belges, ikianza safari kutoka Kinshasa kupanda mto Kongo. Alifungua daftari jipya akaanza kuandika. Dunia ilikuja kumjua kama Joseph Conrad, lakini umaarufu wa riwaya ulikuwa bado haujamfikia. Wakati huo alikuwa mtu wa meli anayejifunza mto asioujua. Aliandika mielekeo ya dira, visiwa, mawe yaliyojificha chini ya maji, visiki, mafungu ya mchanga, mahali pa kuambaa na ukingo na mahali pa kuukimbia. Tarehe 1 Septemba stima ikafika mwisho wa njia, kwenye kituo cha Maporomoko ya Stanley, ambacho leo ni mji wa Kisangani.

Ndani ya daftari lile hakuna hadithi. Ni maandishi ya kazi tupu, ya mtu anayetarajia kwamba safari ijayo ataushika usukani mwenyewe.

Mwaka 1899 Conrad alianza kuchapisha Heart of Darkness katika jarida moja la Uingereza. Mwandishi wa Nigeria, Chinua Achebe, aliisuta riwaya hiyo mwaka 1975 kwa jinsi inavyowachora Waafrika, na aliisuta kwa haki. Hata hivyo mna kipande kimoja humo ambacho fundi yeyote wa Kisangani angekielewa kuliko maprofesa. Msimulizi, akiwa anakaribia kituo cha mwisho cha mto, anakuta kibanda kilichohamwa, na ndani yake kitabu chakavu cha ufundi wa ubaharia chenye michoro na majedwali ya tarakimu. Pambizoni mwa kurasa mna maandishi ya penseli asiyoweza kuyasoma. Anaamini ni maandishi ya siri. Baadaye anakuja kujua kwamba ni Kirusi tu: aliyekisoma kabla yake alijiwekea kumbukumbu kwa lugha ya kwao.

Yaani kitabu cha maelekezo, tena chenye nyongeza za mtumiaji, kiko mkononi mwa mtu anayekihitaji, na sehemu iliyoandikwa kwa mkono, ambayo huenda ndiyo yenye faida kuliko zote, haimfai kitu. Kisangani hali hiyo haihitaji riwaya. Fungua boksi la jenereta, la pampu ya maji au la injini ya mtumbwi lililouzwa Makiso au Mangobo, utoe kijitabu kilichomo. Kichina, Kiingereza, pengine Kifaransa. Watu watakaoiwasha mashine hiyo kila siku wanasemezana kwa Kiswahili na Lingala.

Kiswahili kina neno zuri kwa yale maelezo madogo yanayowekwa chini ya ukurasa: tanbihi. Limetoka Kiarabu, na kwa asili yake ni kumzindua mtu, kumwamsha, kumtahadharisha. Asiyejua asili hiyo hudhani tanbihi ni mapambo ya wasomi, vinamba vidogo vya kuonyesha kwamba mwandishi amesoma vitabu vingi. Kwa kitabu cha historia au cha fikihi hilo si kosa. Msomaji wake ameketi, taa inawaka, chai iko pembeni. Jicho likishuka hadi chini ya ukurasa na kupanda tena, hakuna kinachoharibika. Anayesoma kitabu cha maelekezo amesimama. Mkono mmoja umeshika spana, mwingine umelowa mafuta, na jicho liko kwenye kazi zaidi kuliko kwenye karatasi. Huyo ukimpa namba ndogo inayomtuma chini ya ukurasa, hatakwenda. Si mvivu. Akiondoa jicho kazini, sehemu itadondoka majini.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha hasara yake, nao uko kwenye kila gati la Kisangani. Mitumbwi mikubwa inayovuka kwenda Lubunga, na ile inayoteremka kuelekea Isangi, mingi inasukumwa na injini za mipigo miwili. Injini ya namna hiyo haina tangi lake la oili chini kama la gari. Oili yake huchanganywa na petroli, au esansi kama wanavyosema huku, na mchanganyiko huo ndio unaolainisha pistoni. Kwa injini nyingi za aina hii kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya oili kwa hamsini za petroli. Lakini injini mpya ikiwa bado inazoeshwa, hutakiwa oili maradufu, moja kwa ishirini na tano, mara nyingi kwa saa kumi za kwanza.

Sasa tazama ukurasa wenyewe unavyopangwa. Katikati kuna jedwali safi: 50:1, kwa herufi nene. Kando ya tarakimu kuna nyota ndogo kama kichwa cha sindano. Chini kabisa, kwa herufi ambazo mwenye miaka hamsini atazitafutia miwani, nyota ile inarudi na kusema: kwa saa kumi za kwanza tumia 25:1. Mtu aliyeuza ng'ombe au aliyekopa kwa ndugu ili anunue injini atalitazama jedwali, atapiga hesabu ya bidoni la lita 20, atapata desilita nne za oili, atamimina, atawasha. Injini itaitika vizuri. Siku hiyohiyo ya kwanza imeanza kuliwa, kwa sababu kwa bidoni lile lile ilitakiwa desilita nane. Ikija kukwama katikati ya mto miezi kadhaa baadaye, lawama itamwendea Kadhafi, yule muuza esansi wa chupa za barabarani, kwamba amechanganya mafuta na maji. Kadhafi ana dhambi zake, lakini hii si yake.

Hapa kosa si la fundi na si la mwenye mtumbwi. Ni la aliyepanga ukurasa. Kipimo cha saa kumi za kwanza ndicho mnunuzi anachokihitaji kabla ya vyote, na ndicho kilichotupwa miguuni. Mpangaji aliiona injini kama kitu chenye sifa, akaandika sifa kuu juu na isiyo ya kawaida chini. Mwenye injini anaiona kama siku zinazofuatana, na siku ya kwanza hutangulia ya pili.

Halafu kuna yanayoipata karatasi yenyewe. Kijitabu kimoja hupigwa fotokopi, fotokopi ikapigwa fotokopi, na kila mara ukingo wa chini ndio unaofifia au kukatwa. Siku hizi hata fotokopi imepungua. Fundi anapiga picha ukurasa kwa simu na kumtumia mwenzake kwa WhatsApp, na anapiga nini? Jedwali lililo katikati. Nyota inasafiri, maelezo ya nyota yanabaki. Kibaya zaidi ni pale mwandishi anapotumia namba badala ya nyota: 50 yenye kijitarakimu 2 juu yake, kwa aliyesoma hesabu, ni hamsini kipeo cha pili. Ndiyo maana waandishi wa majedwali wenye uzoefu hutumia nyota au herufi palipo na tarakimu.

Wenye ndege walikwisha kulishughulikia jambo hili zamani, kwa kuwa kwao kosa la kusoma huhesabiwa kwa miili. Katika vitabu vya matengenezo ya ndege kuna ngazi tatu zisizochanganywa. Onyo ni la kinachoweza kumuumiza au kumuua mtu. Tahadhari ni ya kinachoweza kuiharibu mashine. Zingatia ni maelezo ya kumsaidia fundi aelewe, basi. Na kuna kanuni ya mahali: onyo na tahadhari hutangulia hatua inayohusika, hazifuati. Huwezi kumwambia mtu afungue kifuniko, kisha mstari wa chini ukamwambia kwamba alipaswa kuzima umeme kwanza. Ule mfumo wa Kiingereza kilichorahisishwa kwa ajili ya vitabu vya ndege, ulioanza katika miaka ya 1980, unaongeza sharti kwamba sentensi ya kazi isizidi maneno ishirini, na kwamba maelezo ya kuzingatia yasibebe amri ndani yake. Amri ikae kwenye hatua. Kwa jicho la makala hii, sharti hilo la mwisho ni la dhahabu. Amri iliyojificha ndani ya "zingatia" ni sawa na mgeni mwenye habari ya msiba aliyekalishwa jikoni akisubiri kuulizwa.

Jenereta ndogo ni mfano wa karibu. Mji wa Kisangani una bwawa lake la umeme kwenye mto Tshopo, lililojengwa katika miaka ya 1950, lakini umeme wake haumtoshi kila mtu, na giza likiingia grupu, kama jenereta zinavyoitwa huku, huanza kunguruma uani, mlangoni, wakati mwingine ndani kwa kuhofia wezi. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoweza kuua watu waliolala bila hata mmoja kukohoa. Neno la kuiweka mashine nje, mbali na madirisha, halina haki ya kuitwa tanbihi. Lingechongwa kwenye kamba ya kuwashia kama kamba ingekubali maandishi.

Kuna ubaya mwingine, wa upande wa pili, nao umeletwa na wanasheria. Vijitabu vingi sasa hufunguka kwa kurasa tatu nne za maonyo mfululizo: usiitumbukize mashine majini, usiile betri, usiitumie ukiwa umelala. Hayo hayakuandikwa kwa ajili ya mtumiaji. Yameandikwa kwa ajili ya hakimu wa nchi ya mbali, ili kampuni iseme ilikwisha kuonya. Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo; mbiu inayolia kila asubuhi kwa ajili ya kuku aliyepotea, siku ya moto hakuna atakayetoka nje. Onyo la gesi likiwekwa la kumi na saba katika orodha inayoanza na kula betri, limefichwa mahali palipo wazi.

Mwaka 1986, huko Tyler, Texas, mashine ya mionzi ya kutibu saratani iitwayo Therac-25 ilikuwa ikimwandikia mhudumu ujumbe kwenye skrini: Malfunction 54. Kitabu cha mashine hakikumweleza namba hiyo maana yake kwa namna ya kumsaidia. Wahudumu walikuwa wamezoea ujumbe wa hitilafu wa kila mara, na kitufe kimoja cha kuendelea kilitosha kuuondoa. Mgonjwa wa kwanza alipata mionzi mara nyingi kupita kiasi kilichokusudiwa. Wa pili akafuata wiki chache baadaye. Kati ya 1985 na 1987 ajali za mashine hiyo zilifika sita, na waliokufa kwa sababu yake ni angalau watatu. Kosa la msingi lilikuwa ndani ya programu. Lakini mstari mmoja tu, wa kusema kwamba 54 maana yake dozi haikuwa sahihi, simama usiendelee, ungemfanya mhudumu aondoe kidole kitufeni.

Karibu zaidi na Kisangani kuna ushahidi uliopimwa. Watafiti nchini Zambia waliwapa wahudumu wa afya wa vijijini, wale ambao Kongo huwaita reko, kipimo cha haraka cha malaria. Kundi moja lilipewa maelekezo ya kiwandani, yaliyomo ndani ya pakiti. La pili likapewa karatasi ya picha, hatua baada ya hatua, kila jambo la kuzingatia likiwa ndani ya hatua yake. La tatu likapewa karatasi hiyo na mafunzo mafupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Waliotumia maelekezo ya kiwandani walifanya sawasawa asilimia 57 ya hatua. Wenye karatasi ya picha walifika 80. Wenye karatasi na mafunzo, 92.

Kutoka 57 hadi 80 hapakuwa na mwalimu. Kilichobadilika ni karatasi.

Anayekijua kipimo kile anaelewa kwa nini. Damu kidogo mno, matone ya dawa yenye idadi maalumu, kisimani mwake hasa na si pengine, kisha kusubiri dakika 15 bila kukipapatikia, na kutokisoma tena muda wake ukipita kwa sababu mstari wa uongo huweza kujitokeza. Kila moja kati ya hayo, kwenye karatasi ya kiwandani, ni maelezo ya pembeni. Mezani pa reko ndiyo kazi yenyewe. Dawa inayofuata nayo ina tanbihi yake: ile ya mseto wa artemetha na lumefantrini humezwa mara sita kwa siku tatu, dozi ya pili saa nane baada ya ya kwanza, na pamoja na chakula chenye mafuta, kwa sababu bila mafuta lumefantrini haiingii vizuri mwilini. Karatasi ya pakiti hutaja maziwa. Familia isiyo na maziwa, ikiona hivyo, humpa mgonjwa dawa na maji matupu, ilhali sombe iliyoungwa mawese iko chunguni. Neno mawese halikuwahi kufika kiwandani.

Ajabu ni kwamba watu wa mto huu walikuwa na jawabu la jambo hili kabla ya viwanda hivyo kuzaliwa. John Carrington, mmisionari Mwingereza wa Yakusu, kituo kilicho mtoni chini kidogo ya Kisangani, alisikiliza ngoma za Walokele kwa miaka, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu ya ngoma hizo. Ngoma haina konsonanti wala irabu, ina sauti ya juu na ya chini tu. Kwa Kilokele neno la mwezi na neno la kuku yana mdundo uleule. Ukipiga neno tupu, wa kijiji cha pili hajui kama unasema habari ya angani au ya bandani. Basi mpiga ngoma hapigi neno tupu. Mwezi huufuatanisha na maelezo kwamba ndio unaoitazama dunia; kuku, kwamba ni yule mdogo anayelia kio-kio. Ujumbe unarefuka mara nane au zaidi, na unafika.

Pale ngomani hapana chini ya ukurasa. Mpiga ngoma hawezi kumwambia msikilizaji arejee namba 3. Chochote ambacho kukikosa kungeharibu maana, hukitia katikati ya mdundo, palepale. Mwandishi wa kitabu cha injini angekaa Yakusu wiki moja tu, asingeipiga tena nyota yake.

Wapo watakaosema tatizo ni lugha, tafsiri kitabu kwa Kiswahili na mambo yamekwisha. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Kiswahili kilifika maporomokoni kabla ya Conrad. Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyejulikana kama Tippu Tip, aliteuliwa liwali wa pale mwaka 1887. Na walimu wa pwani waliwahi kuandika maneno ya Kiswahili katikati ya mistari ya Kiarabu, ili mwanafunzi aelewe papo hapo. Lakini ukurasa uliopangwa vibaya ukitafsiriwa, unabaki umepangwa vibaya kwa Kiswahili. Onyo lililokuwa chini kwa Kichina litakuwa chini kwa Kiswahili. Na wapo wafasiri ambao huishia kwenye maelezo makubwa, wakiziacha nota ndogo kwa kuwa malipo ni kwa ukurasa na macho yamechoka.

Nusu nyingine ya hoja iko mikononi mwa mafundi wenyewe. Fundi wa Kisangani haangalii desilita. Vipimo vyake ni bidoni na chupa. Chupa kubwa ya bia ya Primus huchukua sentilita 72. Kwake yeye, oili ya injini mpya kwa bidoni la lita 20 ni Primus moja na kidogo juu yake, na ya injini iliyozoea ni nusu Primus na kidogo. Maneno hayo hayamo katika kijitabu chochote, na hesabu yake ni sahihi. Yamo kichwani mwa mtu mmoja, au yamechorwa kwa chaki ukutani mwa kibanda chake, ambako mvua moja ya Oktoba inatosha. Naye akiandika, mara nyingi huandika kwa vifupisho vyake, bila tarehe, bila kusema ni injini ipi. Anayerithi kibanda atayatazama maandishi yale kama msimulizi wa Conrad alivyoutazama ule Kirusi.

Tarehe si jambo dogo kwa watu wa mto. Fungu la mchanga lililoandikwa katika chati ya msimu uliopita huenda mwaka huu limehama, na nahodha anayeliamini andiko lisilo na mwaka ni hatari kuliko asiye na andiko. Kinga ya fundi ni hiyohiyo tarehe. Oili hubadilika, petroli hubadilika, kiwanda hubadilisha pistoni bila kubadilisha picha ya boksi.

Conrad mwenyewe hakupata kuupanda mto tena na daftari lake. Aliugua, akatofautiana na wakubwa wake, na kabla mwaka 1891 haujasonga mbele alikuwa amerudi Ulaya. Daftari leo limehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.

Wenye maduka ya injini na jenereta mjini Kisangani wanaweza kuanza wiki hii, bila wizara wala mfadhili. Kabla boksi halijatoka dukani, ibandikwe karatasi moja juu ya tangi, si ndani ya boksi: mistari mitatu ya Kiswahili, mitatu ya Lingala, kwa herufi ambazo mtu aliyesimama atazisoma. Mstari wa kwanza uwe wa kinachoua. Wa pili uwe wa oili ya saa kumi za kwanza, kwa bidoni na kwa chupa. Wa tatu uwe wa tarehe na aina ya injini. Gharama yake ni karatasi, wino na gundi.